Tübingen, mji wa chuo kwenye mto Neckar: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimekaa huu mji miaka kadhaa sasa, nimesoma hapa, nimefanya vibarua hapa, na kila nikirudi nyumbani Tanzania au nikipokea mgeni maswali ni yale yale. Nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja kwa voisi noti za dakika nane, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa, sijayapanga kwa umuhimu, nimeyapanga yalivyonijia kichwani.

Tübingen ndo wapi? Na hiyo ü inasomwaje?

Kusini-magharibi mwa Ujerumani, jimbo la Baden-Württemberg, kama kilomita 30 kusini ya Stuttgart, kwa treni weka saa moja usiumie kichwa. Mto ni Neckar, huo huo unaoteremka mpaka Heidelberg halafu unaingia Rhine pale Mannheim. Kwa hiyo ukikuta watu wanabishana mji upi wa chuo kwenye Neckar ndo wenyewe, jua huo ni ugomvi wa Simba na Yanga, Heidelberg ni wakubwa na chuo chao kina umri zaidi (1386), ila mimi niko upande wa Tübingen na sijifichi.

Hiyo ü, bana midomo kama unataka kupiga mluzi halafu sema "i". Ukishindwa sema Tubingen tu, watakuelewa.

Ni mji wenye chuo au chuo chenye mji?

Swali zuri kuliko unavyodhani, maana wenyeji wenyewe wana msemo kwamba Tübingen haina chuo, Tübingen ndo chuo. Watu ni kama 90,000 na wanafunzi wanakaribia 28,000, hapo hujahesabu maprofesa, watu wa hospitali ya chuo na watu wa taasisi za utafiti kule mlimani. Hakuna kampasi yenye geti na mlinzi kama tulivyozoea. Unatoka kwenye darasa la falsafa, unapita kwa muuza mboga sokoni, unapanda ngazi unaingia maktaba. Mwezi wa nane na wa tisa wanafunzi wakiondoka mji unapoa, unasikia kengele za kanisa na baiskeli basi.

Nani alikianzisha hicho chuo?

Eberhard, wanamwita Eberhard mwenye Ndevu, alikuwa mtawala wa sehemu ya Württemberg, mwaka 1477. Mama yake, Mechthild, naye alikuwa na mkono kwenye kuanzishwa kwa chuo cha Freiburg miaka 20 hivi kabla, kwa hiyo kupenda vyuo alirithi. Eberhard alikwenda kuhiji Yerusalemu mwaka 1468 akarudi na mtende kama alama yake, ndo maana mpaka leo nembo ya chuo ni mtende, kwenye mji ambao theluji inaanguka na mtende wenyewe hauwezi kusimama nje bila kufa. Na kaulimbiu yake ilikuwa neno moja la Kilatini, "Attempto", yaani "najaribu" au kama wanavyoitafsiri wao, "nathubutu". Baadaye mwaka 1769 mtawala mwingine, Karl Eugen, akaongeza jina lake kwenye jina la chuo, ndo ikawa Eberhard Karls mpaka leo, watawala wa kila zama ni hao hao.

Sasa kuna kitu mabango ya watalii hayakipi nafasi. Hati ile ile ya 1477 iliyoleta chuo ndo iliyosema Wayahudi wasikae tena mjini. Mtaa wa Judengasse bado upo, umebaki jina. Ukiupita jua kwamba chuo kiliingia kwa mlango mmoja na watu wakatolewa kwa mlango mwingine, mwaka huo huo, kwa hati hiyo hiyo.

Ni kweli DNA iligunduliwa jikoni?

Kweli kabisa, na hii ndo stori ninayoipenda kuliko zote.

Juu ya mji kuna kasri, Hohentübingen. Karne ya 19 mtawala hakai tena huko, chuo wakapewa vyumba, na maabara ya kemia ya mwili ikawekwa kwenye jiko la zamani la kasri. Jiko kweli, lenye dari la mawe lililopinda. Mkuu wa maabara alikuwa Felix Hoppe-Seyler, huyu ndiye aliyebuni jina "hemoglobini", ile rangi nyekundu ya damu. Mwaka 1868 akaja kijana Mswisi, Friedrich Miescher, daktari wa miaka 24 hivi, anataka kujua ndani ya seli kuna nini. Seli atazipata wapi? Akaenda hospitali ya upasuaji akaomba bendeji zilizotumika, zile zimejaa usaha. Usaha ni chembe nyeupe za damu zilizokufa, na enzi hizo madonda yalikuwa yanatunga usaha kweli kweli, mali ilikuwepo ya kutosha.

Kwa hiyo kijana anaosha bendeji za watu taratibu, anatenganisha zile chembe, anachukua tumbo la nguruwe, ule mfuko wa chakula, anapata pepsini ya kuyeyushia protini, kinachobaki ni viini vya seli, na ndani ya viini mwaka 1869 akakuta kitu ambacho hakifanani na protini, kina fosforasi nyingi. Akakiita "nuclein". Bosi wake hakuamini, akarudia majaribio yote mwenyewe kwanza, makala ikatoka 1871. Hicho kitu ndo baadaye dunia ikakiita DNA.

Hilo jiko unaingia leo, ni kimakumbusho kidogo, hakijajaa makelele. Mara ya kwanza nilisimama mle nikasema kumbe kurithi pua ya babu kumeanza kueleweka kwenye usaha. Niliyeenda naye hakucheka.

Humo humo kasri kuna farasi mdogo wa pembe ya mamothi, hafiki sentimita 5, alichongwa zaidi ya miaka 35,000 iliyopita, walimkuta kwenye pango la Vogelherd mwaka 1931. Shingo imepinda vizuri hivyo utadhani amechongwa jana. Usipite haraka pale.

Ule mnara wa njano pembeni ya mto ni wa nani?

Wa fundi seremala. Watu wanajua ni mnara wa Hölderlin, mshairi, lakini mwenye nyumba alikuwa fundi anaitwa Ernst Zimmer, na mimi namheshimu Zimmer kuliko watu wengi maarufu wa huu mji.

Friedrich Hölderlin alichanganyikiwa akili, mwaka 1806 akaletwa kwa nguvu kwenye kliniki hapa, akakaa miezi kadhaa, madaktari wakasema hana muda mrefu wa kuishi. Zimmer alikuwa amesoma kitabu chake na alikipenda, akamchukua 1807 akampa chumba kwenye mnara, dirisha linaangalia mto. Hakufa. Aliishi mle miaka 36, mpaka 1843! Zimmer mwenyewe akatangulia kufa 1838, binti yake Lotte akaendelea kumlea mgonjwa. Wanafunzi walikuwa wanakuja kumchungulia kama kitu cha maonyesho, yeye anawaamkia "Mtukufu" na "Baba Mtakatifu", wakimwomba shairi anaandika hapo hapo, majira ya kuchipua, majira ya joto, halafu anasaini jina Scardanelli na tarehe za ajabu ajabu za karne nyingine.

Mnara wa leo sio ule ule, wa zamani uliungua 1875 wakajenga upya. Kuingia inafaa hata kama hujui Kijerumani, kaa dirishani tu.

Hegel, yule mwanafalsafa, naye si alisoma hapo?

Alisoma, tena kwenye Stift, hii ni seminari ya Kiprotestanti iliyoanzishwa 1536 ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa, ipo mpaka leo na bado inalaza wanafunzi. Hegel na Hölderlin waliingia 1788, Schelling, mwanafalsafa mwingine, akaja 1790 akiwa na miaka 15 tu, wakakaa chumba kimoja watu watatu. Jaribu kufikiria hicho chumba, hao watatu na Mapinduzi ya Ufaransa yanaendelea upande wa pili wa mpaka. Hegel wenzake walimwita Mzee. Inasimuliwa walipanda mti wa uhuru uwanjani, hiyo ichukue kama hadithi.

Na kwa kuwa tunaongea Waswahili kwa Waswahili niseme na hili: huyu huyu Hegel alipokuwa profesa mkubwa Berlin ndiye aliyefundisha kwamba Afrika haina historia. Wajerumani wengi wanaomsifia mbele yangu hawaijui hiyo kurasa, nikiwaambia wanakohoa. Subiri ufike kwenye swali la Waswahili huko chini uone alivyokosea, ushahidi uko mji ule ule aliosomea.

Kabla yao Stift ilimtoa Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, alifika 1589. Mwalimu wake wa hesabu na nyota, Michael Maestlin, ndiye aliyemfundisha kwamba dunia inazunguka jua, wakati huo wengi walikuwa bado hawakubali. Na 1623 profesa wa Kiebrania hapa hapa, Wilhelm Schickard, akatengeneza mashine ya kuhesabu akamwandikia Kepler barua kumweleza inavyofanya kazi. Tauni ikamuua 1635 yeye na familia, mashine yenyewe ikapotea, zikabaki barua na michoro.

Kuna watu gani wengine maarufu?

Wengi mno, nitaje wachache nisiwachoshe. Melanchthon, mtu wa karibu wa Luther, alifundisha hapa akiwa kijana. Leonhart Fuchs daktari wa mimea, ua la fuchsia limebeba jina lake. Hermann Hesse alikuja 1895 kujifunza kazi ya duka la vitabu pale Holzmarkt akiwa na miaka 18, alikaa mpaka 1899, anapanga vitabu mchana anaandika usiku. Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, alifundisha teolojia 1966 mpaka 1969 akiwa chuo kimoja na Hans Küng, fujo za wanafunzi za 1968 zikamchosha akahamia Regensburg. Christiane Nüsslein-Volhard alipata Nobel 1995 kwa utafiti wa nzi wa matunda, yuko kwenye taasisi ya Max Planck ya hapa. Na Maria von Linden, 1892, mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kusoma hapa, kwa kibali maalumu, miaka 12 kabla wanawake hawajafunguliwa mlango rasmi.

Goethe, mwandishi mkubwa wa Wajerumani, alipita tu, 1797, alifikia kwa mchapishaji wake Cotta. Nyumba ina kibao kwamba Goethe alikaa hapa. Nyumba ya jirani wanafunzi wakaweka kibao chao: "Hapa Goethe alitapika". Kipo bado, kila mgeni wangu anapiga picha hicho na sio kile cha kwanza.

Ile mitumbwi ya upondo ni ya watalii tu au watu wanaitumia kweli?

Wanaitumia kweli. Wanaiita Stocherkahn, ni mtumbwi mrefu mwembamba wenye kitako bapa, abiria wanakaa ubavuni wanaangaliana, anayeendesha anasimama nyuma kabisa na upondo wa mita 6 au 7 anasukuma chini ya mto. Mtu wa Pwani ukiuona hushangai chochote, unashangaa tu kwamba wanalipa pesa kufanya hivyo. Nyumba za wanafunzi na vyama vyao vina mitumbwi yao, jioni za joto wanabeba bia, mkate na jiko la mkaa dogo wanazunguka kisiwa cha Neckar, kile chenye mstari wa miti mikubwa ya mkuyu wa Ulaya.

Mimi mara ya kwanza nilijiona nimezaliwa Tanga nitashindwaje. Kuna siri hukuambiwi: upondo ukiukita kwenye tope uung'oe mapema, mtumbwi hausubiri. Mimi nikaung'ang'ania, mtumbwi ukaenda, nikabaki nimeukumbatia upondo katikati ya mto kama nyani kwenye mnazi, halafu taratibu taratibu ukaanza kuinama. Maji ya mwezi wa tano ni baridi ya kukata. Watu kwenye daraja walipiga makofi.

Mashindano ni mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Ekaristi (mwezi wa tano mwishoni au wa sita), tangu 1956. Kila timu inavaa mavazi ya kuchekesha, wanazunguka kisiwa, na penye nguzo ya daraja njia ni nyembamba kwa hiyo mitumbwi inarundikana watu wanasukumana wanaanguka. Wa kwanza anapata pipa la bia. Wa mwisho kila mmoja anakunywa nusu lita ya mafuta ya ini la samaki mbele za watu. Ndo maana ugomvi mkubwa hauko mbele, uko nyuma.

Kabla ya mitumbwi kulikuwa na magogo. Wakata mbao wa Msitu Mweusi walikuwa wanafunga magogo marefu kama treni wanayashusha kwa Neckar, na wanafunzi kazi yao ilikuwa kukaa kwenye kuta za mto kuwapigia kelele "Jockele, sperr!", kwamba we fulani, funga breki! Wale wanajibu matusi. Gogo la mwisho lilipita 1899.

Wenyeji wakoje? Nasikia Waswabia, watu wa eneo hilo, ni bahili.

Bahili ni neno la jirani zao, wao wanasema wanatunza. Mwenye nyumba wangu wa kwanza, bibi wa miaka zaidi ya 80, alikuwa anakunja mifuko ya karatasi ya mkate anaiweka droo, na bado kila Krismasi alinipa bahasha ya pesa bila neno.

Kusifia hawajui. Wana usemi wao kwamba asiyekugombeza amekusifia vya kutosha. Mwaka wa kwanza unaumia, unajiuliza umekosa nini, mwaka wa pili unaelewa bibi akisema "siyo mbaya" amekupa A.

Na kuna Kehrwoche, zamu ya wiki ya kufagia. Kibao kidogo kinaning'inizwa mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi na mbele ya nyumba ni zako. Usidhani ni utani. Nilifagia Jumamosi asubuhi, upepo ukaleta majani mchana, saa kumi jirani akapiga kengele kuniuliza kwa upole wote kama mimi mgonjwa.

Lugha yao ni Kijerumani cha peke yake, kila kitu kinapewa "-le" mwishoni kukifanya kidogo, kama sisi tunavyoweka "ki-": nyumba ni Häusle, hata mkopo wa mamilioni ni wa kajumba. Kijerumani cha darasani hakikusaidii kwa fundi bomba, jiandae.

Mji wenyewe zamani ulikuwa miji miwili. Juu, upande wa kanisa la Stiftskirche na mto, maprofesa na wenye vyeo. Chini, upande wa kijito cha Ammer, wakulima wa zabibu waliokuwa wakiitwa Gôgen, maskini, midomo michafu, wenye majibu makali. Vichekesho vyao dhidi ya maprofesa vinasimuliwa mpaka leo, vingi siwezi kuviandika hapa mama yangu anasoma. Nyumba zao ndo hizo za fremu za mbao ambazo watalii wanazipenda, na ukiziangalia vizuri ni ndugu wa nyumba zetu za miti na udongo, mbao zinashika, katikati wamekandika udongo na fito, juu chokaa. Tofauti ni kwamba wao waliamua kutozibomoa.

Sisi Waswahili tunahusika nini na huu mji?

Kaa chini.

Kwanza Johann Ludwig Krapf. Alizaliwa 1810 Derendingen, wakati huo kijiji, tangu 1934 ni sehemu ya Tübingen, kutoka katikati ya mji kwa baiskeli hujaanza kutoka jasho. Alisoma shule hapa, akasoma teolojia kwenye chuo hiki, akaenda Ethiopia, na 1844 akafika Mombasa. Miezi michache tu mke wake Rosine na mtoto mchanga wakafa huko. Akabaki. Baadaye akaungana na Johannes Rebmann wakakaa Rabai, Rebmann akaiona theluji ya Kilimanjaro 1848 na wataalamu wa Ulaya wakamcheka, Krapf mwenyewe akauona Mlima Kenya 1849. Lakini kwangu kikubwa ni hiki: sarufi yake ya Kiswahili, ya kwanza kuchapwa, ilichapwa 1850, na haikuchapwa London wala Mombasa. Ilichapwa Tübingen. Yaani ngeli zetu zilipangwa herufi moja moja za madini ya risasi na mafundi Waswabia ambao hawajawahi kusikia mtu akisema "hujambo". Kamusi yake kubwa ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa.

Tusivuke mpaka hapa, Krapf sio aliyeanzisha kuandika Kiswahili. Washairi wa Pwani walikuwa wanakiandika kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla baba yake Krapf hajazaliwa. Tena aliyofundishwa alifundishwa na watu wa Mombasa na Rabai ambao jina lao halikuwekwa kwenye jalada.

Pili, mifupa ya Lindi. Kwenye makumbusho ya paleontolojia ya chuo kuna Kentrosaurus, dinosaria wa ukubwa wa kati mwenye miiba mgongoni na mkiani, kutoka Tendaguru huko Lindi. Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, na mmoja wao, Edwin Hennig, aliyempa huyo mnyama jina 1915, akaja kuwa profesa hapa. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wetu, mamia, mizigo kichwani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, kwenye nchi iliyokuwa ndo kwanza imetoka kwenye vita vya Maji Maji na njaa yake. Msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani, na ilipofika 2007 ndo dinosaria mwingine wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii. Kwa hiyo Hegel aliyesema Afrika haina historia amesoma mji ambao sasa una mgongo wa mnyama wa Lindi wa miaka zaidi ya milioni 140. Mimi kila nikimpita yule mnyama namwamkia shikamoo.

Tatu, Moshi. Tübingen na Moshi ni miji rafiki tangu 2014. Ukitaka kumfurahisha Mchaga aliyepotea Ujerumani, mlete hapa.

Wakati wa Hitler mji ulikuwaje?

Haukuwa na aibu ndogo. Chuo kilijisifu mapema kwamba hakina Wayahudi, na sababu ni kwamba kilikuwa hakiwaajiri tangu zamani. Mwanafizikia Hans Bethe alikuwa anafundisha hapa, 1933 wakamfukuza, akaenda Marekani akapata Nobel. Sinagogi ya mtaa wa Gartenstraße ilichomwa Novemba 1938. Kwenye makaburi ya mjini, yale yale aliyozikwa Hölderlin, kuna eneo linaitwa Gräberfeld X, walizikwa mamia ya watu ambao miili yao ilitumiwa na idara ya anatomia, wengi waliuawa na utawala ule au walikuwa vibarua wa kulazimishwa kutoka Poland na Muungano wa Sovieti. Nenda ukae kidogo.

Mabomu hayakuupiga sana, mji ulikuwa umejaa hospitali za majeruhi, na Wafaransa wakaingia 19 Aprili 1945 bila vita kubwa. Ndo maana uzuri wote huo umesimama. Hiyo ni bahati, sio malipo ya wema.

Halafu kuna hili dogo la kuogofya: mtu wa mwisho kunyongwa kisheria, tuseme kukatwa kichwa kwa gilotini, katika mahakama za Ujerumani Magharibi ukiacha Berlin alikatwa hapa hapa Tübingen, Februari 1949. Miezi mitatu baadaye katiba mpya ikafuta adhabu ya kifo.

Nasikia wana kodi ya kikombe?

Wanayo, tangu Januari 2022. Ukinunua kahawa au chipsi kwenye chombo cha kutupa, chombo kinalipiwa senti 50, kijiko au uma wa kutupa senti 20. Mgahawa mmoja wa baga ukaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Katiba, na Januari 2025 mji ukashinda. Meya ni Boris Palmer, tangu 2007, mtu wa baiskeli na sola na mdomo wake unamponza: 2023 alitoka chama cha Kijani baada ya zogo la kutumia neno ambalo watu weusi tunalijua ni tusi. Kodi yake ya kikombe naiunga mkono, yeye nina maneno naye. Nimejifunza kutembea na kontena la plastiki kwenye begi kama mama ntilie.

Na kuna daraja la baiskeli lenye mfumo wa kupasha joto ili barafu isigande. Mimi mwenyewe chumba changu cha kwanza hakikuwa na joto kama hilo daraja.

Kusoma hapo ni bei gani?

Majimbo mengi Ujerumani chuo cha umma hakina ada, jimbo hili ndo lina kiherehere: tangu 2017 mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya analipa euro 1,500 kwa muhula, juu yake michango ya muhula. Wa PhD hawalipi, na kuna misamaha, usiogope kuuliza ofisi ya wageni ya chuo kabla hujakata tamaa. Ubalozi utataka akaunti iliyofungwa yenye pesa za mwaka mzima, euro 11,904 kwa kiwango cha tangu Septemba 2024, angalia tena kabla hujaomba maana huwa wanapandisha.

Chumba ndo vita. Anza kutafuta siku ile ile barua ya kukubaliwa inapotua. Usitume pesa kwa mtu anayesema yuko nje ya nchi na funguo zitakuja kwa posta.

Nina siku moja tu, nianzie wapi?

Njoo Jumatatu, Jumatano au Ijumaa, siku za soko mbele ya Rathaus, jengo la halmashauri ya mji. Anzia daraja la Neckar, zile nyumba za rangi rangi kwenye ukuta wa mto ndo picha utakayoituma kwenu. Shuka kisiwani utembee chini ya miti mpaka mwisho, rudi upande wa mnara wa njano, panda Stiftskirche (mnara wake unapandika, magoti yakiruhusu), halafu kaa kwenye ngazi za kanisa pale Holzmarkt na wanafunzi. Rathaus iangalie saa yake ya nyota ya 1511. Kisha kasri, jiko la usaha na farasi mdogo. Jumamosi mji unajaa, hata pa kukanyaga unatafuta.

Chakula je?

Maultaschen. Ni kama sambusa iliyochemshwa, nyama na spinachi ndani ya unga, wanakula kwenye supu. Wanasema watawa waliibuni ili wafiche nyama Mungu asiione wakati wa kwaresma, na jina lake la utani kwa Kiswabia maana yake ni "kajanja ka kumdanganya Mungu". Dengu na Spätzle (tambi zao za mayai) ukiongeza pilipili utajiona uko nyumbani. Waislamu ulizeni kwanza, nguruwe anaingia kila mahali, hata kwenye dengu.

Unga wa ugali unapatikana Stuttgart. Ukija nibebee dagaa.